Swali la lugha: "kiwango", "akiba" au "hali" ya vitamini A?

Dada mmoja wa Chumbageni, Tanga, anasomea uuguzi. Kwenye ripoti yake kaandika "watoto walipimwa kiwango cha vitamini A mwilini wakaonekana hawana ukosefu", mwalimu kapiga mstari mwekundu bila maelezo, sasa anauliza kosa liko wapi maana kila mtu anasema hivohivo.

Dada yangu, "kiwango" hakina shida, shida ni hilo "mwilini". Kilichopimwa ni damu, tena ni retinoli, yaani vitamini A inavyosafiri kwenye damu, na hiyo ni sehemu ndogo tu. Kwa mtu anayekula vizuri zaidi ya asilimia 80 ya vitamini A imekaa kwenye ini, na ini linatoa kidogokidogo ili damu isiyumbe, kama duka la Ngamiani shelfu zimejaa kila siku kumbe stoo inaelekea kuisha. Kwa hiyo sema "kiwango" ukiongelea damu, "akiba" ukiongelea ini, na "hali ya vitamini A" ukitaka yote kwa pamoja.

Na akiba inapimwa kwa kuzunguka: mtoto anatolewa damu, anapewa dozi ndogo ya vitamini A, baada ya saa 5 anatolewa tena. Ini lililopungukiwa huwa limelimbikiza protini ya kubebea retinoli, basi dozi ikifika tu inabebwa kwa wingi kwenda kwenye damu, ongezeko likiwa asilimia 20 au zaidi ya kiwango cha damu ya pili ujue akiba ni ndogo. Hapo ukiandika "kiwango kilipanda" ukaishia hapo, msomaji atafurahi bure! Andika "akiba imepungua".

"Ukosefu" nao ni kutokuwepo kabisa, wakati retinoli chini ya mikromoli 0.70 kwa lita ni upungufu, na chini ya 0.35 ni upungufu mkali, ila bado ipo. Halafu angalia sana neno "imeshuka", mtoto mwenye malaria au maambukizi mengine retinoli yake inashuka hata kama ini lina akiba, ndo maana maabara wanapima na protini zinazopanda mwili ukipambana na maambukizi, kama CRP, kwa hiyo "imeshuka" na "ana upungufu" sio kitu kimoja.

Mimi ningeandika hivi: "Watoto walipimwa kiwango cha retinoli kwenye damu, hakuna aliyekuwa chini ya mikromoli 0.70 kwa lita. Akiba ya ini haikupimwa."