Mwalimu Anajibu: Ndege ya Ndola, karata ya shupaza na chai ya Mary Celeste

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa lori, napakia shaba Kitwe kuleta Dar. Karibu na Ndola kuna njia inayoingia msituni hadi kwenye kumbukumbu ya yule Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa kwa ajali ya ndege. Utingo wangu ni Mzambia, anaapa kwamba alitunguliwa. Mimi namwambia ndege huanguka zenyewe tu. Nani kashinda?*
*Dereva, Tunduma*

Marahaba, dereva. Utingo wako anaongoza, ila mpira haujaisha.

Marehemu ni Dag Hammarskjöld, Msweden. Jioni ya 17 Septemba 1961 aliondoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kwenda Ndola kuonana na Moïse Tshombe, yule aliyeimega jimbo la Katanga kutoka Kongo. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakipigana na jeshi la Tshombe na mamluki wake wa Kizungu, na Hammarskjöld alitaka bunduki zinyamaze. Kwa kuwa Katanga ilikuwa na ndege ya vita aina ya Fouga Magister, marubani wake waliamua kuficha njia. Kwenye karatasi waliandika wanakwenda Luluabourg, kisha wakazunguka mashariki hadi upande wa Ziwa Tanganyika, redio kimya, ndipo wakateremka kusini.

Saa sita na dakika kumi usiku rubani aliuambia mnara wa Ndola kwamba anaziona taa za kiwanja. Baada ya hapo hakusikika tena. Na hapa ndipo damu yangu huchemka. Kiwanja kilikuwa chini ya Waingereza wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, Tshombe mwenyewe yupo anasubiri, balozi wa Uingereza, Lord Alport, yupo. Ndege ya Katibu Mkuu inasema nimefika, halafu haitui! Alport akasema bila shaka mgeni kaamua kwenda kwingine. Watu wakaenda kulala. Mabaki "yakapatikana" siku ya pili saa tisa alasiri, kilomita kama 15 tu kutoka kiwanjani. Waliokuwamo walikuwa 16. Mmoja, Harold Julien, mlinzi Mmarekani, alikutwa hai, kaungua, kashinda juani mchana wote. Hospitalini alieleza kwamba ndege ililipuka na kwamba aliona cheche angani. Akafa baada ya siku chache, na maneno yake yakawekwa kando kama ya mgonjwa anayeweweseka.

Sasa njoo kwa wachoma mkaa. Dereva, wewe unapita msitu ule, unajua tanuri la mkaa halilaliwi: likipasuka udongo, hewa ikaingia, kazi yote inageuka majivu. Kwa hiyo usiku ule, wakubwa wakiwa vitandani, walikuwapo watu porini, macho makavu, wanaotazama juu. Kadhaa walisema waliona ndege zaidi ya moja: moja kubwa, na nyingine ndogo iendayo kasi. Wengine waliona mwanga ukiipiga ile kubwa kabla haijaanguka. Tume ya Rhodesia iliwasikiliza kwa sikio la pembeni, ikawaona mashahidi wasioaminika, ikahitimisha mwaka 1962 kwamba rubani alikosea akashuka chini mno. Lakini wachoma mkaa watatu waliochukua kwenye mabaki mashine ya kuandikia ujumbe wa siri hawakukosa wa kuwasikiliza. Walifungwa kwa wizi. Kuna ambao hawakueleza lolote hadi miaka ya 2000, wakiwa wazee, walipofuatwa na Msweden mfanyakazi wa misaada.

Upande wako nao una hoja, nisikunyime. Ndege ilikuwa imeshusha magurudumu, inashuka kwa mteremko wa kawaida kama inayojiandaa kutua, ikagusa miti. Matundu ya risasi hayakuonekana kwenye bodi, ingawa karibu asilimia 80 ya bodi iliyeyuka kwa moto, sasa ungeyaona wapi? Umoja wa Mataifa wenyewe ulichunguza mwaka 1962, ukasema hauwezi kuthibitisha wala kukataa.

Jalada limefunguliwa upya, na aliyekabidhiwa ni wetu: Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Alianza na jopo mwaka 2015, kisha akaendelea peke yake. Ripoti yake ya 2017 inasema inawezekana kabisa kwamba shambulio au tishio kutoka nje ya ndege lilichangia. Alipima hata maelezo ya Charles Southall, Mmarekani wa jeshi la majini aliyekuwa kituo cha kunasa mawasiliano Cyprus, aliyesema alisikia usiku ule sauti ya rubani akijigamba kwamba ameipiga ndege. Kila ripoti Jaji anarudia jambo lile lile, kwamba zipo nchi, Marekani, Uingereza na Afrika Kusini zikiwemo, ambazo hazijafungua makabati yao sawasawa.

Maoni yangu? Ndege ya pili ilikuwapo. Nani aliiendesha na kwa amri ya nani, hilo limo kwenye makabati hayo. Mlipie utingo soda.

*Mwalimu, nimesikia maiti ya Hammarskjöld ilikutwa na ree ya shupaza shingoni, alama ya wauaji. Kweli?*
*Mpenda karata, Pangani*

Mwili wake ulikutwa haukuungua, umeegemea kichuguu, na picha zinaonyesha kitu kwenye kola. Wapo waliouona wakasema ni karata. Picha hazitoshi kusema ni ree au ni saba ya kopa, na watu wengi walishafika pale kabla ya mpiga picha. Mimi simo. Ushahidi wa wachoma mkaa una uzito mara kumi ya karata hiyo, lakini karata ndiyo inayopendeza barazani.

*Mwalimu, ile meli ya Mary Celeste iliyokutwa haina watu, ni kweli chai ilikuwa bado ya moto mezani?*
*Mwanafunzi, Tanga*

Si kweli, mwanangu. Chai iliongezwa na waandishi. Meli ilikutwa 4 Desemba 1872 kati ya Azores na Ureno, na mara ya mwisho daftari lake la safari kuandikwa ilikuwa 25 Novemba, chai gani hiyo? Mashua haikuwapo, chakula cha miezi kilikuwapo. Nahodha Benjamin Briggs alikuwa na mkewe na binti yao wa miaka miwili, na shehena yake ilikuwa mapipa 1,701 ya alkoholi, tisa yakakutwa matupu. Mzazi hamshushi mtoto wa umri huo kwenye mashua katikati ya Atlantiki asipoamini kwamba kubaki melini ni hatari zaidi. Nadhani aliogopa mvuke wa alkoholi utalipuka, akateremka na watu wake kusubiri, na kamba iliyowaunganisha na meli ikakatika.