Kompyuta ya Linux ikigoma kuzimika, tazama kwanza imekwama wapi

Skrini imekuwa nyeusi, lakini feni inazunguka na taa inawaka. Wengi hukandamiza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 4 hadi umeme ukatike. Tafadhali usiizoee njia hiyo, kwani data iliyo kwenye RAM ambayo haijaandikwa kwenye diski hupotea. Shikilia Alt na SysRq (mara nyingi ni kitufe cha Print Screen), kisha bonyeza S, U na O, ukisubiri kidogo baada ya kila herufi. S huandika data, U huifanya diski iwe ya kusomwa tu, O huzima. Ubuntu inaziruhusu zote tatu bila kubadili mpangilio wowote.

Sasa tafuta chanzo. Fungua `/etc/default/grub`, faili la mipangilio ya GRUB (programu inayoipakia Linux kompyuta inapowashwa), ondoa maneno `quiet splash`, endesha `sudo update-grub`, washa upya, halafu zima tena huku ukisoma maandishi. Mstari wa mwisho ndio utakaokuongoza.

Ukiona "A stop job is running for…" na saa inayohesabu hadi 1min 30s, kuna huduma (programu inayofanya kazi chinichini) isiyotaka kusimama. Systemd, programu inayosimamia huduma zote, huipa sekunde 90, kisha huiua kwa nguvu. Basi vumilia kwanza. Ukishawasha, `journalctl -b -1 -e` itakuonyesha jina lake. Ushauri unaosambaa sana ni kupunguza `DefaultTimeoutStopSec` kwa mfumo mzima. Siupendi hata kidogo: hifadhidata inayohitaji sekunde 40 kufunga faili zake itauawa katikati ya kuandika. Rekebisha huduma husika peke yake kwa `sudo systemctl edit` ikifuatiwa na jina lake, ukiweka `TimeoutStopSec=15s` chini ya `[Service]`.

Folda za NFS (zilizo kwenye seva na kufunguliwa kupitia mtandao) zinazotumia Wi-Fi ni mkosaji wa kila mara. Muunganisho wa Wi-Fi uliohifadhiwa kwa mtumiaji mmoja hukatika anapotoka, na folda hubaki ikiisubiri seva isiyofikika tena. Uruhusu muunganisho huo kwa watumiaji wote, ukiandika jina lake palipo na JINA: `nmcli connection modify JINA connection.permissions ""`. Kwenye mstari wa folda hiyo ndani ya `/etc/fstab` ongeza chaguo `_netdev`.

Jina lisipoonekana, endesha `sudo systemctl enable debug-shell` (skrini ya dharura ya kuandikia amri), zima, bonyeza Ctrl+Alt+F9, kisha andika `systemctl list-jobs`. Ukimaliza, ifunge kwa `disable` siku hiyohiyo. Inampa yeyote aliye mbele ya kompyuta mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu, bila nywila.

Mstari wa mwisho ukiwa "reboot: System halted", umetumia `halt`, ambayo husimamisha mfumo bila kukata umeme. Tumia `poweroff`. Lakini ukiwa "reboot: Power down" na feni bado inavuma, Linux imemaliza kazi yake, tatizo liko kwenye BIOS (programu ya ubao mama) au dereva (programu inayoendesha kifaa). Sasisha BIOS. Jaribu kerneli (kiini cha Linux) ya zamani kwenye menyu ya GRUB. Kwenye baadhi ya laptopu za Intel, moduli ya `mei_me` ndiyo huzuia: iondoe kwa `sudo modprobe -r mei_me`, kisha zima. Ikizimika vizuri, andika `blacklist mei_me` kwenye faili jipya lenye kiishio `.conf` ndani ya `/etc/modprobe.d/`.

Kompyuta inayozimika kisha ikajiwasha yenyewe ni kesi nyingine. Zima Wake-on-LAN (uwezo wa kuwashwa kupitia mtandao) kwa `sudo ethtool -s enp3s0 wol d`, ukiweka jina la kadi yako ya mtandao. Ikiendelea, ongeza `xhci_hcd.quirks=270336` kwenye mstari wa kerneli, ule uliokuwa na `quiet splash`, kisha endesha `sudo update-grub`. Badilisha kitu kimoja kila mara, uzime na kuwasha kabla ya kugusa kingine.