Kuitwa usaili wa pili: nafasi yako ikoje?

Mdogo wangu, unauliza kama kuitwa tena Mtwara kwa usaili wa pili, katika kazi ya karani wa ghala la korosho, kunamaanisha kwamba kazi umeshaipata. Bado hujaipata, ila umesogea sana, kwa sababu vyeti vyako vimekwisha kukubaliwa na sasa unalinganishwa na wachache waliobaki. Mpigie aliyekuita, umwulize kwa adabu mmebaki wangapi na nani watakaowasaili. Si utovu wa heshima hata kidogo.

Leo hii, kabla hujasahau, andika maswali yote ya usaili wa kwanza, hasa lile ulilojibu kwa kubabaika, maana mara nyingi hilo ndilo litakalorudi kwa sura nyingine. Safari hii huenda atakuwepo msimamizi wa ghala mwenyewe, naye hatataka kusikia sifa zako bali utafanya nini mzigo uliopokewa ukipimwa tena na kuonekana umepungua kilo. Uweze kueleza kwamba korosho hupoteza uzito zinapokauka, kwamba daraja la kwanza na la pili hazichanganywi, na kwamba stakabadhi ya ghala, yaani hati anayopewa mkulima kuonyesha mzigo wake uliopokewa ghalani, mfumo unaotumika kwa korosho tangu msimu wa 2007/2008, ndiyo kinga ya mkulima.

Mshahara wakikuuliza, taja kiasi ulichokwisha kukipigia hesabu pamoja na kodi ya chumba. Kutoka Lindi ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo nakusihi ulale Mtwara usiku wa kuamkia usaili.