Fundi Anajibu: BIOS Mpya, RAM ya Kasi na Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa watu wenye kompyuta za mezani zilizokuwa zikifanya kazi vizuri mpaka siku waliposasisha BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta, au walipoongeza kasi ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na pale maswali yalipofanana nimejibu moja tu.

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Ninahariri video za harusi hapa Dar es Salaam. Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 7600, mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya B650 na vijiti viwili vya RAM ya DDR5, kila kimoja GB 16, vilivyoandikwa kasi ya 6000. Nilisasisha BIOS kwa faili nililolipakua kutoka tovuti ya watengenezaji. Sasisho lilifika asilimia mia, kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe, na tangu hapo feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi, huku taa ndogo ikiwaka kwenye mazabodi pembeni ya neno DRAM. Nimeizima na kuiwasha mara nyingi bila mafanikio. Je, nimeiua?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, uwezekano mkubwa ni kwamba mazabodi ni nzima, na kinachoikwamisha ni huko kuizima na kuiwasha.

BIOS mpya inapoingia, mazabodi hupoteza vipimo ilivyokuwa imevihifadhi kuhusu vijiti vyako, na hulazimika kuvipima upya. Hutuma data kwa kila kijiti, huisoma inaporudi, kisha hurekebisha muda na volti kidogo kidogo mpaka ipate mahali ambapo kila biti inasomeka bila kukosea. Kazi hiyo hufanyika kabla ya picha yoyote kutokea kwenye skrini, na katika mazabodi za AM5 kama yako, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2022 na hutumia DDR5 pekee, inaweza kuchukua dakika kadhaa, na zaidi ya hapo RAM inapokuwa kubwa. Taa ya DRAM inayowaka wakati huo inaonyesha tu kwamba mazabodi imefika kwenye hatua ya RAM. Ukikata umeme katikati, upimaji unaanza mwanzo, na mtu anayebonyeza kitufe kila baada ya nusu dakika anaweza kushinda siku nzima mbele ya kompyuta isiyo na kasoro yoyote.

Kwa hiyo iwashe, kisha uiache dakika 20 bila kuigusa. Ikiwa skrini itabaki nyeusi baada ya hapo, zima swichi ya pawa saplai, chomoa waya wa umeme, toa vijiti vyote viwili, halafu rudisha kimoja tu katika nafasi ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ambayo kwenye mazabodi nyingi zenye nafasi nne huandikwa A2. Angalia vizuri kinavyokaa. Mazabodi nyingi za sasa zina kibanio upande mmoja tu wa nafasi, na ule upande usio na kibanio ndio unaosahaulika: kijiti huonekana kimeingia, kumbe ncha yake moja imeinuka unene wa unywele. Sukuma ncha zote mbili kwa kidole gumba. Hilo nalo lisiposaidia, futa mipangilio ya BIOS kwa kugusanisha kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili zinazoandikwa CLR_CMOS au JBAT1, huku waya wa umeme ukiwa umechomolewa, au kwa kuondoa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache. Kisha washa, na usubiri tena.

Picha itakaporudi, huenda ukaulizwa swali kuhusu fTPM, yaani kama unataka kufuta funguo za usalama zilizohifadhiwa ndani ya prosesa. Usibonyeze Y kwa haraka. Ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows, Windows inaweza kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na asiyekuwa nao huachwa nje ya mafaili yake mwenyewe. Mara nyingi ufunguo huo huwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Yeyote anayekusudia kusasisha BIOS na autafute kwanza na kuuandika mahali, kabla ya kugusa kitu kingine.

Utaona pia kwamba RAM imerudi kwenye kasi ya 4800. Hiyo ni sahihi, kwa sababu sasisho hurudisha mipangilio ya kiwandani. Nakushauri usiwashe EXPO, yaani profaili inayoiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa juu yake, siku hiyohiyo. Fanya kazi kwa kasi hiyo siku mbili tatu, ujue kwamba BIOS mpya yenyewe haina tatizo, ndipo uchague profaili ya EXPO ya 6000, na utarajie kusubiri tena kwa sababu kasi mpya nayo inapimwa upya. Ukishaiwasha, angalia volti inayoitwa SoC, inayolisha sehemu ya prosesa inayoongea na RAM. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000, hasa zile za X3D, ziliungua kwa sababu mazabodi zilikuwa zikipandisha mno volti hiyo EXPO inapowashwa, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kupitia sasisho la BIOS. Kwa hiyo ulifanya vyema kusasisha, hata kama imekukosesha usingizi.

SWALI: Mhariri, mimi niko Nakuru. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kusasisha BIOS. Sasa kompyuta haionyeshi chochote hata nikisubiri saa nzima. Kuna tumaini?

JIBU: Lipo, na linategemea mazabodi yako. Geuza kasha uangalie nyuma, penye matundu ya USB. Ukiona kitufe kidogo chenye maneno kama BIOS Flashback, Flash BIOS au Q-Flash Plus, mazabodi hiyo inaweza kujiandikia BIOS yenyewe, hata bila RAM na mara nyingi hata bila prosesa. Tumia kompyuta nyingine kupakua faili la BIOS la mazabodi yako hasa, kwa jina lake kamili pamoja na toleo lake lililochapwa kwenye ubao, kwa kuwa herufi moja tu ikitofautiana faili ni la mazabodi nyingine. Fomati flashi kwa FAT32, weka faili hilo peke yake, na ulipe jina ambalo kitabu cha mazabodi kinalitaka. MSI, kwa mfano, hutaka MSI.ROM, na Gigabyte hutaka GIGABYTE.bin. Wengi hukwama hapa, kwa sababu Windows huficha vimalizio vya majina, na faili linaloonekana kuwa MSI.ROM huwa kweli linaitwa MSI.ROM.txt au kitu cha namna hiyo. Washa kwanza uonyeshaji wa vimalizio.

Chomeka flashi kwenye tundu lililowekewa alama, si lolote lile, hakikisha waya mkubwa wa pawa saplai na ule wa prosesa yote imechomekwa, kisha bonyeza kitufe. Taa itapepesa kwa dakika kadhaa. Ikiacha baada ya sekunde chache tu, faili halijasomeka, na mara nyingi kosa liko kwenye jina au kwenye flashi yenyewe. Jaribu flashi nyingine ya zamani yenye ukubwa mdogo.

Bila kitufe hicho, itabidi fundi mwenye programa, yaani kifaa cha kuandikia chipu, aandike upya chipu ya BIOS moja kwa moja. Muulize kabla hujamkabidhi kama anajua volti ya chipu yako, kwani zipo za 3.3 na zipo za 1.8, na kuipa ya 1.8 umeme wa 3.3 kunaweza kuiharibu kabisa. Safari ijayo sasisha ukiwa na UPS yenye betri inayoshika chaji, na ufanyie kazi hiyo ndani ya BIOS yenyewe badala ya kutumia programu ya Windows, ambayo inaweza kukwama kwa sababu zisizohusiana na umeme hata kidogo.

SWALI: Fundi wetu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, Mombasa. Nina Ryzen 5 2600 na mazabodi ya B450. Nilinunua RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600, nikawasha XMP (profaili ya kasi ya RAM, kama EXPO), na kompyuta inawaka vizuri tu. Lakini mafaili ya zip niliyopakua yanakataa kufunguka, na baadhi ya picha zangu zimekuwa za kijivu nusu. Diski nimeipima, ni nzima. Wenzangu wanasema ni virusi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zima XMP leo, kabla hujaendelea kusoma.

Barua yako ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu kompyuta isiyowaka humwonya mwenyewe, ilhali inayowaka huku RAM ikikosea huharibu kazi kimyakimya. Karibu kila unachokihifadhi hupita kwanza kwenye RAM. Biti moja ikigeuka humo, diski huandika kosa hilo kwa uaminifu, na ukinakili picha hiyo kwenye diski ya nje kama akiba, umenakili kosa. Ndiyo sababu diski yako imepimwa ikaonekana nzima: ni nzima kweli.

Huenda vijiti vyako navyo havina kosa. Ile 3600 iliyoandikwa juu yake ni ahadi ya mtengenezaji wa RAM peke yake. Anayeongea na RAM ni kidhibiti kilicho ndani ya prosesa, na kwa Ryzen 5 2600 AMD inathibitisha kasi ya 2933 tu. Kuna prosesa za aina hiyo zinazofika 3200 na hata zaidi, lakini hapo mtu anategemea bahati ya prosesa aliyoipata. Muuzaji anayeuza vijiti vya 3600 bila kuuliza prosesa ya mteja hamtendei haki.

Fanya hivi. Tengeneza flashi ya MemTest86, programu ya kupima RAM, uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo RAM ikiwa kwenye kasi ya kiwandani, ambayo kwa vijiti vingi vya aina hii ni 2133 hadi 2666, na uiache ikamilishe mizunguko yake minne, usiku kucha ikibidi. Ikitokea hata kosa moja katika kasi hiyo, pima kijiti kimojakimoja umjue mgonjwa, kisha kirudishe dukani. Isipotokea, washa XMP ili upate volti ya vijiti, ambayo kwa kawaida ni 1.35, pamoja na muda wake, lakini kasi yenyewe ishushe kwa mkono hadi 2933, halafu pima tena. Ikipita, unaweza kujaribu 3200. Usibadilishe kasi, volti na muda kwa pamoja, maana ikianza kuyumba hutajua kipi kimeyumbisha. Na kigezo hapa ni sifuri. Makosa mawili katika usiku mzima si machache. Ni dalili kwamba kasi hiyo haikufai.

Picha ambazo ziliandikwa zikiwa zimeharibika hazitarudi kwa kuzima XMP. Zitafute kwenye simu au kadi ya kamera zilikotoka. Mafaili ya zip pakua upya.

SWALI: Nilinunua vijiti viwili zaidi vya DDR5, aina ileile na kasi ileile ya 6000, ili nifikishe vinne. Prosesa ni Ryzen 7 7700. Sasa EXPO ikiwashwa kompyuta haimalizi kuwaka. Msomaji, Zanzibar.

JIBU: Kwa prosesa za Ryzen 7000, AMD inathibitisha 5200 kwa vijiti viwili, na 3600 tu kwa vinne. Kila kijiti kinachoongezwa ni mzigo kwenye nyaya zilezile. Zaidi ya hayo, vijiti vilivyouzwa katika paketi mbili havikupimwa pamoja, hata kama lebo zake zinafanana. Ikiwa kazi yako inahitaji GB nyingi, uza vyote vinne na ununue viwili vikubwa vya paketi moja. Ukitaka kubaki navyo, zima EXPO, uanze na 3600 na kupanda polepole, ukipima kila hatua.

SWALI: Ninatumia Core i7-13700K na kila kitu kiko sawa. Fundi wa mtaani kwetu husema BIOS isiguswe kama kompyuta haina tatizo. Ni kweli? Msomaji, Arusha.

JIBU: Kwa jumla fundi wako ana busara, nami husema hivyohivyo kwa wengi. Kwako wewe, hapana. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 za mezani, zenye nguvu kama yako, zilibainika kuwa zinaweza kuomba volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa ndani taratibu, na mwaka 2024 Intel ilitoa maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, ya kuzuia hali hiyo: 0x129 mwezi Agosti, kisha 0x12B mwezi Septemba. Kwa mtu mwenye mazabodi yake mkononi, njia ya uhakika ya kuipata ni kusasisha BIOS. Iliyoharibika tayari haiponi kwa sasisho, hivyo kungoja dalili ni kungoja uharibifu.

Andika pembeni mipangilio yako ya sasa, sasisha, chagua profaili ya Intel Default Settings, na uhakikishe katika ukurasa wa kwanza wa BIOS kwamba maikrokodi ni 0x12B au ya baadaye. Fanya kazi zako za kawaida kwa muda bila XMP. Endapo programu zitaanza kujifunga zenyewe au michezo italalamika kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha ilhali haijaisha, usihangaike na RAM. Tafuta risiti yako, kwa kuwa Intel iliongeza miaka 2 ya dhamana kwa prosesa zilizoathirika, na muulize aliyekuuzia namna ya kuidai.