Jibu: Imeji ya Windows yakubali kompyuta za zamani, yakataa mpya

Ndugu yangu wa Likoni, unauliza mbona imeji yako (nakala kamili ya Windows unayoimwaga kwenye mashine nyingi) imekubali mashine saba kuukuu za saiba, lakini zile tatu mpya za Intel zinaleta skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Usizirudishe dukani! Diski huenda hazina ubaya. Mara nyingi mashine mpya za Intel hutoka kiwandani zikiwa kwenye VMD au RAID, yaani mipangilio ya kuendesha diski, na imeji yako haina draiva yake, ile programu ya kuiwezesha Windows kuiona diski.

Pakua draiva hiyo, iitwayo Intel RST, kwenye tovuti ya mtengenezaji, ifumue kwenye flashi, washa mashine kwa WinPE (Windows ndogo ya kufanyia matengenezo), kisha andika:

dism /Image:C:\ /Add-Driver /Driver:E:\rst /Recurse

Herufi za diski (hapa C ni Windows, E ni flashi) hubadilika ndani ya WinPE, kwa hivyo zitazame kwanza kwa amri ya diskpart. Wengine watakwambia ugeuze BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) iwe AHCI, mpangilio wa diski usiohitaji draiva hiyo. Inafanya kazi, ila BIOS ikirudi ilivyokuwa, shida inarudi pia.

Jambo jengine, na hili ndilo linalonitia wasiwasi: hukutaja Sysprep, zana ya Windows ya kuandaa imeji kabla ya kuinakili. Kama hukutumia chaguo lake la /generalize, mashine zote zina SID (namba ya utambulisho) moja, na masasisho ya Windows 11 24H2 tangu mwisho wa Agosti 2025 huzizuia zisiingiliane kwenye mtandao. Printa ya pamoja itakataa. Chukua imeji upya, tafadhali.