Histogramu: hesabu eneo la nguzo, si urefu wake

Swali: Mwalimu, hujambo? Mimi ni mama wa Nyalenda hapa Kisumu, nauza samaki soko la Jubilee. Binti yangu yuko kidato cha nne. Juzi alileta karatasi ya hisabati. Histogramu yake, ule mchoro wa nguzo zinazogusana, ameichora kwa rula, safi kabisa, na kila nguzo imefika palepale jedwali linaposema. Amepata alama moja kati ya nne, na pembeni mwalimu ameandika tu kwamba upana haulingani. Mtoto haelewi, na mimi nikiitazama silioni kosa. Kosa ni lipi? Na akipewa histogramu iliyokwisha kuchorwa, aisomeje?

Jibu: Sijambo mama, na pole kwa binti. Rula haikumkosesha. Kilichomkosesha ni kuchukua idadi iliyo kwenye jedwali na kuifanya urefu wa nguzo. Hilo linafaa pale tu makundi yote yana upana mmoja. Katika histogramu, idadi hukaa kwenye eneo la nguzo, yaani urefu mara upana. Nguzo ikiwa pana, lazima ishuke.

Tuchukue samaki, kwa kuwa hao unawajua kuniliko. Tuseme ngege 60 wamepimwa urefu, kila mmoja kwa sentimita iliyo karibu zaidi. Takwimu nimezitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi:

Sentimita 10–14: samaki 5
Sentimita 15–19: samaki 12
Sentimita 20–24: samaki 15
Sentimita 25–34: samaki 20
Sentimita 35–54: samaki 8

Binti yako angechora nguzo za urefu wa 5, 12, 15, 20 na 8. Sasa tazama kundi la 25–34. Tuseme lile beseni la samaki 20 umeligawa mara mbili: wa 25–29 wakatoka 10, na wa 30–34 wakatoka 10. Samaki ni walewale, hakuna aliyeongezwa wala aliyeondolewa. Lakini nguzo iliyokuwa imefika 20 imeanguka hadi 10, kwa sababu tu umeongeza mstari mmoja kwenye jedwali. Mchoro unaobadilika hivyo hauwezi kuwa unasema kweli kuhusu samaki. Na ile nguzo ya mwisho, ya samaki 8, ingetanuka kwa upana wa sentimita 20 na kumeza karibu thuluthi ya eneo lote lililopakwa rangi, ilhali samaki wake hawafiki hata mmoja katika kila saba.

Ni kama donge la unga wa chapati. Ukilisukuma likawa pana, linakuwa jembamba, unga haujaongezeka.

Kwa hiyo kabla ya kushika rula, binti agawanye idadi ya kila kundi kwa upana wake. Jibu lake mimi naliita msongamano: ni samaki wangapi kwa kila sentimita moja. Kundi la kwanza ni 5 gawanya kwa 5, yaani 1.0. La pili 12 gawanya kwa 5, 2.4. La tatu 3.0. La nne ni 20 gawanya kwa 10, yaani 2.0. La mwisho 8 gawanya kwa 20, yaani 0.4. Ona yaliyotokea: kwenye mchoro wake wa kwanza kundi la 25–34 ndilo lililokuwa refu kuliko yote, na sasa ni la 20–24. Akiulizwa kundi ambamo samaki wamesongamana zaidi, mchoro wa kwanza ungemdanganya.

Walimu wengine huchagua upana mmoja kuwa wa kawaida, hapa 5, kisha hupunguza idadi ya makundi mapana kulingana nao: 5, 12, 15, 10 na 2. Umbo la mchoro ni lilelile. Afuate njia aliyofundishwa na aandike kwenye mhimili wa wima ni kipimo gani alichotumia.

Upana wenyewe nao una mtego. Mtoto huona 10–14 akaandika upana ni 4. Samaki wa sentimita 14.3 ameandikwa 14, na wa 14.6 ameandikwa 15. Kwa hiyo kundi hilo linaanzia 9.5 na kuishia 14.5, na upana ni 5. Hiyo mipaka ndiyo inayofanya nguzo zigusane bila nafasi katikati. Lakini asipunguze nusu kwa mazoea tu! Jedwali likiwa la umri kwa miaka iliyotimia, mtu wa miaka 14 na miezi 11 bado huandikwa 14, hivyo kundi la 10–14 linaanzia 10 na kuishia 15. Nimeona wanafunzi hodari wakipoteza alama hapo, kwa sababu walikariri nusu wasiulize vipimo vilichukuliwaje.

Kwenye karatasi ya grafu yenye miraba midogo ya milimita 2, ailaze karatasi kwa upana. Mhimili wa mlalo, sentimita 2 za karatasi zisimamie sentimita 5 za samaki. Mraba mdogo mmoja utakuwa nusu sentimita, kwa hiyo 9.5 itaangukia mraba mmoja tu kushoto kwa 10, bila kubahatisha. Mhimili wa wima, sentimita 2 zisimamie 1.0, na kila mraba mdogo utakuwa 0.1. Nguzo ya 2.4 itapanda miraba 24.

Kusoma histogramu iliyochorwa ni kurudi njia hiyohiyo. Nguzo inaanzia 24.5 hadi 34.5 na imefika 2.0: samaki ni 10 mara 2.0, yaani 20. Akiulizwa samaki waliozidi sentimita 30, akate nguzo hiyo kwenye 30: kipande cha kulia kina upana wa 4.5, mara 2.0 ni 9, ongeza 8 wa nguzo ya mwisho, jumla 17. Hayo ni makadirio, kwa sababu tumechukulia samaki wametawanyika sawasawa ndani ya kundi.

Kuna pia swali la kuchora mstari wa wima unaogawa eneo lote nusu kwa nusu, ambalo huwatisha wengi bure. Nusu ya 60 ni 30. Nguzo mbili za kwanza zina 17, zinabaki 13. Nguzo ya tatu ina 3.0 kwa kila sentimita, kwa hiyo 13 gawanya kwa 3 ni 4.33, ongeza 19.5, na mstari unasimama karibu 23.8. Hapo ndipo alipo samaki wa katikati.

Mwambie binti achore jedwali hili leo usiku, kisha ahesabu miraba midogo ndani ya nguzo ya mwisho. Kwa vipimo nilivyotaja, kila samaki anachukua miraba 20. Nguzo hiyo ina miraba 40 kwa upana na 4 kwa urefu, kwa hiyo akipata 160 amechora sawa. Ile ya 25–34 itampa 400.