Siki, magadi soda na sabuni katika chupa moja: mbona vyombo havitakati?

SWALI: Niliamua nyumba yetu iachane na dawa kali za usafi, irudi kwenye vitu vya asili. Nilichanganya siki, magadi soda ya kupikia na sabuni ya kipande niliyoikwangua na kuiyeyusha, vyote katika chupa moja. Siku ya kwanza kifuniko kiliruka. Tangu hapo sahani zinabaki na utelezi, na sakafu yetu ya marumaru ya jiwe halisi imepauka. Mume wangu anashauri nitie dawa ya klorini kidogo ili mchanganyiko upate nguvu. Nakosea wapi, na nianzie wapi upya?
Mama wa wawili

JIBU: Dada, kabla ya lolote: klorini isiingie kwenye chupa hiyo, hata tone. Siki ni asidi, na asidi ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika vitani karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Bafuni pasipo na dirisha, kiasi kidogo tu kinawasha macho na kubana kifua. Ikitokea kwa bahati mbaya, toka haraka, acha mlango wazi, wala usirudi ndani kwenda kumwaga. Pia usichanganye klorini na dawa yenye amonia. Nimeanza na hili kwa sababu anayehamia vitu vya asili hukaa miezi kadhaa na chupa za aina zote mbili katika kabati moja.

Sasa tuje kwenye chupa yako. Siki ni asidi, magadi soda ni alkali, na kila kimoja kina kazi yake. Ukivikutanisha vinauana. Lile povu linapendeza macho, lakini ni hewa ya ukaa inayotoka, na ndiyo iliyorusha kifuniko. Shukuru kilikuwa kifuniko, maana chupa iliyofungwa kabisa inaweza kupasuka mkononi. Povu likishatulia, unabaki na maji yenye chumvi iitwayo asetati ya sodiamu, ambayo haina ukali wa siki wala wa magadi. Kikombe cha mililita 250 cha siki ya asilimia 5 kinamalizwa nguvu na gramu 17 au 18 za magadi soda, yaani kijiko kikubwa kimoja na ushee. Watu wengi hutia zaidi ya hapo.

Sabuni nayo ikaharibika. Sabuni ya kipande imetengenezwa kwa mafuta na alkali, na siki huivunja na kuirudisha kwenye asidi za mafuta. Jaribu uone mwenyewe: yeyusha sabuni katika bilauri ya maji ya uvuguvugu, kisha tia kijiko cha siki. Maji yatageuka meupe kama maziwa, na ukiyaacha kidogo utaona chembe laini zikipanda juu. Zichote, uzisugue kwa vidole viwili. Ndio ule utelezi unaoushika kwenye sahani. Kwa hiyo mafuta mengine uliyokuwa unapambana nayo yalitoka kwenye chupa yako mwenyewe.

Dawa yake ni kuvitenganisha. Vyombo vyenye mafuta ni kazi ya sabuni na maji ya moto, basi. Magadi soda iwe ya kusugua: lowanisha kidogo iwe kama uji mzito, paka kwenye sufuria iliyoungua, iache robo saa, kisha sugua. Unga wake ni laini, haukwaruzi ovyo. Sufuria ya alumini usiiache muda mrefu na magadi, itabadilika rangi.

Siki iachie ukoko wa chokaa, na hapo ndipo utakapoipenda. Tazama ndani ya birika la maji: ule utando mweupe mgumu ni kaboneti ya kalsiamu. Tia siki na maji nusu kwa nusu mpaka yaufunike, pasha moto, kisha zima. Utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye ukoko na kuacha chuma kikimetameta chini yake. Baada ya nusu saa hivi mwaga, suuza mara mbili, na umemaliza bila kusugua.

Siki usiitegemee kuua vijidudu. Kama kuna mtu anaharisha nyumbani, choo kisafishwe kwa sabuni kwanza, kisafishwe tena kwa klorini peke yake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuwa na chupa moja ya klorini kwa siku kama hizo hakukuondoi katika nia yako, na mimi sikushauri uitupe. Dawa nyingine zilizobaki zitumie mpaka ziishe. Ukizimwaga, zinafika kwenye mfereji zote kwa siku moja na hujasafisha nazo kitu.

Umeuliza uanzie wapi. Maabara tunabadilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hatujui kilicholeta tokeo ni kipi. Nyumbani fanya hivyo hivyo. Ulibadilisha vitu vitatu siku moja, ndiyo maana hukujua cha kulaumu. Mwezi huu shughulika na sinki tu. Ukizoea, nenda kwenye nguo, ambako faida ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: kwenye mashine ya kufulia, umeme mwingi huenda kupasha maji, si kuzungusha ngoma. Nguo za kawaida fua kwa maji baridi au nyuzi 30, na uzianike. Kisha njoo kwenye chakula kinachotupwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria kuwa chakula kilichopotea mwaka 2022 kwenye nyumba, maduka na migahawa kilifika tani bilioni 1.05, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Nikilinganisha na hilo, suala la siki au sabuni ni dogo. Pima kwa wiki moja kile mnachotupa, kwa ndoo ile ile, kabla hujaanza kupunguza.

Kuhusu sakafu: marumaru ya jiwe nayo ni kaboneti ya kalsiamu, sawa na ukoko wa birika. Siki ikiwa imezidi kwenye mchanganyiko, ililila jiwe juu juu, na ule weupe hautoki kwa kusugua. Acha siki hapo kabisa, piga deki kwa maji na sabuni ya maji isiyo kali, kisha kausha. Mng'ao utarudishwa na fundi wa kusaga na kung'arisha mawe; mwonyeshe kwanza kipande kidogo nyuma ya mlango.